Mafuta Namba Tisini

Masieda, Mbulu
3 Novemba 2024

Mjomba Agustino,

Shikamoo. Mpe na mama yetu Judica shikamoo yake, mwambie mguu wake tunauombea. Sisi huku tupo. Judith sasa anasoma bila kufuatisha kidole. Alex alishikwa na surua ikapita, kimebaki kikohozi. Bibi yao analalamika kama kawaida, na akilalamika tunajua ni mzima. Baba yao Nicodemo yupo nyumbani. Mvua ilinyesha kidogo ikaacha, tunaangalia wingu tu.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu ni moja, ni ya Nicodemo, na mtandao unashika kilimani tu. Nikipanda kuongea, anauliza naongea na nani. Barua hii nimempa Lukasi wa pikipiki anayepeleka maharage Haydom, atampa kondakta wa basi la kuja kwenu. Ukijibu pitisha hukohuko, na uandike jina langu peke yake.

Mjomba, baada ya mavuno tulinunua trekta. Si jipya, lililima mashamba ya ngano Basotu kabla ya kuja kwetu. Kwenye tambarare linalima vizuri, majirani wanatuita kila siku. Shida ni mteremko, ule wa kushuka mnadani unaoujua wewe. Likishuka na tela, ukikanyaga breki linanguruma huko nyuma, na mtetemo unapanda kwenye nyayo mpaka magotini. Halafu linachelewa kushika. Mwanzoni lilichelewa kidogo. Sasa linachelewa hadi unasahau ulikuwa unaomba nini.

Na asubuhi jembe halitaki kunyanyuka. Pampu inalia kama mtoto mwenye njaa, jembe linapanda taratibu, na likishapanda halikai juu, linashuka lenyewe.

Nicodemo anasema ni uzee. Lilipofika alimwaga mafuta yote ya nyuma akaweka mapya, yale mazito namba tisini, aliuziwa mnadani na mtu aliyemwambia gia ni gia. Tangu siku hiyo ndipo kelele zilipoanza. Nikimwambia, ananijibu kwamba mafuta ni mafuta.

Wewe umetengeneza matrekta maisha yako yote. Nambie kama naogopa bure. Usimwambie mtu kwamba nimekuandikia.

Mtoto wa dada yako,
Violeth

———

Nangwa, Hanang
17 Novemba 2024

Violeth mwanangu,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Judica amefurahi kusikia habari za Judith, anasema amerithi kichwa cha marehemu mama yako. Mguu wake unampeleka sokoni na kumrudisha, hatuombi zaidi. Hapa kwetu mvua imeanza. Mlima ukifunikwa na wingu, tangu lile tope lililoporomoka mlimani mpaka Katesh mwaka jana, watu wote wa Nangwa wanaongea kwa sauti ndogo. Mimi pia.

Huogopi bure.

Nisikilize kama unavyosikiliza mtu anayekufundisha kupika. Kwenye trekta kama hilo, giaboksi, ekseli ya nyuma, haidroliki ya kunyanyulia jembe na breki vyote vinakula sufuria moja ya mafuta. Breki zake si kavu kama za baiskeli. Ni sahani zilizolala ndani ya mafuta. Kwa hiyo mafuta ya humo yana kazi nyingi kwa wakati mmoja: yalinde meno ya gia yasisagane, yawe mepesi pampu iweze kuyavuta asubuhi ya baridi, na bado yaache sahani za breki zishikane. Mafuta mazito ya gia yanajua kazi moja tu. Ukiyaweka humo, pampu inavuta uji mgumu, ndiyo kilio unachokisikia. Sahani nazo zinateleza, zinashika na kuachia, zinashika na kuachia. Huo ndio mngurumo. Kila ukikanyaga zinaungua kidogo.

Hiyo tisini haina ubaya wowote. Imewekwa pasipo pake. Kama ekseli ya mbele ina mafuta yake peke yake, huenda huko ndiko kwao, kitabu cha trekta kitasema. Lakini nyuma yanatakiwa mafuta ya trekta yanayofaa gia, haidroliki na breki za ndani ya mafuta. Juu ya kopo tafuta herufi UTTO, halafu linganisha na kitabu. Pasipo na kitabu, muulizeni mtu anayelijua trekta la aina hiyo. Muuzaji wa mnadani msimuulize.

Sasa fanya hivi. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya nyuma uyatazame. Yana rangi gani? Yana harufu ya kuungua? Yasugue kati ya vidole, uangalie kama yanang'aa. Niandikie haraka.

Mpaka uniandikie, trekta lisishuke mteremko ule. Lilime tambarare.

Nina maswali mawili. Umeandika Nicodemo yupo nyumbani. Msimu wa kulima, mwenye trekta anakaa nyumbani? Na umejuaje mtetemo wa breki unapanda mpaka magotini?

Mjomba wako,
Agustino

———

Masieda
8 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imekaa Haydom, Lukasi alikuwa na malaria. Amepona. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa, ndama ni jike. Judith ameshika nafasi nzuri darasani. Alex bado anakohoa, tumempeleka hospitali wakampa dawa ya maji.

Nimechomoa kijiti kama ulivyosema. Mafuta hayana rangi ya mafuta, Mjomba. Ni kama chai ya maziwa. Nimeyasugua, vidole vikang'aa kama nimeshika magamba ya samaki. Na yananuka, si harufu ya moto, ni harufu ya nywele zilizokaribia moto.

Nilimwonyesha Nicodemo vidole. Akavitazama, akasema, "Nani kakutuma kuchomoa?" Nikamwambia ni akili yangu tu. Kesho yake akaongeza mafuta ya injini yaliyokuwa yamebaki kwenye dumu, eti yapunguze uzito. Pampu ikanyamaza kidogo, akafurahi. Breki zimezidi kuwa mbaya.

Na kuna jambo lingine. Tarehe ishirini na mbili, Jumapili kabla ya Noeli, kwaya ya kigango chetu inashuka parokiani kuimba. Konsolata, kiongozi wao, alikuja kuomba trekta na tela. Ni kina mama, wasichana, na wazee wawili wanaopiga ngoma. Nicodemo amekubali mbele ya watu wote kanisani, wakapiga makofi. Bibi yake Judith alilia kwa furaha.

Nikilala naona mteremko ule. Nikiamka naona kwaya wakifanya mazoezi nje ya kanisa, wameshona sare za kitenge cha kijani, na nikiwatazama nawaona wakiwa ndani ya tela.

Mjomba, kwa nini usije? Ukisema wewe, Nicodemo atasikia. Njoo uzungumze naye. Tafadhali.

Violeth

———

Nangwa
15 Desemba 2024

Violeth,

Sina muda wa salamu, utanisamehe. Wote wazima.

Rangi ya maziwa ni maji. Maji yameingia, labda trekta linalala nje na mpira wa kwenye mti wa gia umechanika. Kinachong'aa ni chuma cha ndani kinachokwisha. Harufu ni sahani za breki zinazoungua. Trekta hilo halina breki. Nakuandikia tena ili usidhani nimekosea: halina breki. Linakusubiri tu ulihitaji.

Msibebe watu. Mwambie Konsolata ukweli. Mwambie padri. Nicodemo akikasirika na akasirike, hasira inapoa.

Tena, jembe likiwa juu, mtu asiingize mguu wala mkono chini yake, hata kwa kutoa mzizi tu. Mafuta yenye maji na povu hayabebi mzigo. Mlishushe jembe chini kwanza, siku zote.

Hujajibu maswali yangu.

Agustino

*Mwanangu Violeth, ni mimi Judica, nimemwomba nafasi hii ndogo chini. Usimuulize tena kwa nini haji. Alikwenda stendi juzi na begi lake na vifaa vyake. Wingu likatanda juu ya mlima, akarudi nyumbani. Siku ya tope alimwona jirani yetu akichukuliwa nalo, naye yuko upande wa pili, hakuweza kufanya kitu. Tangu hapo hapandi gari mvua ikiwa angani, na hasemi. Usimwambie nimekuambia.*

———

Masieda
12 Januari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo mama Judica. Nawaandikia kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinalala. Watoto wazima. Bibi yao mzima. Ndama anakua.

Barua yako ya mwisho nimeipata juzi. Mto ulijaa, barabara ikakatika, Lukasi hakuweza kuvuka mpaka baada ya mwaka mpya. Kwa hiyo siku ile sikuwa na maneno yako. Ningekuwa nayo ningefanya nini, sijui.

Sasa nakujibu maswali. Anayeendesha trekta ni mimi.

Nilianza mwishoni mwa Oktoba. Nicodemo aliingiza mguu chini ya jembe kutoa mzizi, jembe likashuka. Lilishuka bila sauti yoyote, Mjomba, yeye ndiye aliyetoa sauti. Vidole vya mguu vilisagika. Alikataa hospitali ya karibu asijulikane, akafungwa na mganga wa vidonda kijiji cha pili. Akaniomba nisiseme. Wengi walimcheka aliponunua trekta, akaogopa watamcheka tena. Alinifundisha kuendesha akiwa amekaa kwenye madigadi pembeni yangu, na watu wakadhani anajivunia mke anayejua mashine. Sikukuandikia hayo kwa sababu ungekuja kunichukua. Nami niliogopa kwamba ukija, nitakubali kuondoka.

Jumapili ile tuliondoka na kwaya wakiwa kwenye tela, wanaimba. Tambarare tulienda vizuri. Tulipokaribia ukingo nilikanyaga breki nijaribu. Hazikunguruma. Kelele ile niliyoichukia miezi yote haikuwepo, na breki hazikushika kitu. Trekta lilikuja kusimama kwa uvivu wake lenyewe, kwa sababu pale pana mwinuko mdogo.

Nikazima. Nikageuka nikasema, "Shukeni wote."

Konsolata akauliza, "Kuna nini, mama Judith?"

"Mshuke, mtatembea. Tutakutana chini."

"Na sare hizi? Na matope haya?"

"Shukeni!" Nilipiga kelele, Mjomba, kelele ambayo mwanamke wa kanisa hapigi. Wakashuka. Mzee mmoja wa ngoma akaniuliza kama nimeingiwa na pepo.

Nikamwambia Nicodemo naye ashuke. Akasema kwa sauti ya chini, "Nikishuka nitatembeaje? Watauona mguu."

"Basi trekta tuliache hapa."

"Mbele ya watu wote hawa? Weka gia ndogo, injini itatushikilia. Twende taratibu."

Nikamsikiliza. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilikwisha kujua, nikamsikiliza, kwa sababu alikuwa na macho ya mtu anayeomba maji.

Nikaweka gia ndogo kabisa. Kwenye kona ya kwanza injini ilishikilia. Chini ya kona ile gia ikaruka. Nilisikia mlio mkavu, kama mfupa, mti wa gia ukanipiga mkononi, na tukawa huru. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, nimesimama juu yake. Sikupata kitu chochote. Nicodemo akasema, "Violeth, ruka." Hakupiga kelele. "Ruka, mimi siwezi." Tela lilikuwa linatusukuma, upepo unanipiga usoni. Mbele ni pale barabara inapopinda juu ya korongo.

Sikuruka. Kushoto kulikuwa na shamba la Marko, alikuwa amelima jana yake, ardhi nyeusi imelowa. Kati ya barabara na shamba kuna tuta. Nikakata usukani. Tulipanda tuta, nikaliona anga, halafu tela likapinduka likakatika, na trekta likaingia kwenye tope la Marko mpaka ekseli, likasimama wima.

Bega langu la kulia limevunjika. Nicodemo alirushwa, mbavu zimepasuka, amelala hospitali lakini anakula. Tela limevunjika vipandevipande, mbao zake zilitawanyika mpaka ukingo wa korongo.

Nilipogeuza kichwa, kwaya walikuwa wamesimama barabarani juu, katika kijani chao chote, hakuna anayesema. Nilitaka mmoja alie, ili nijue kwamba nasikia. Mwishowe Konsolata akaanza kukimbia kuja kwetu, akaanguka, akainuka, akakimbia tena.

Hospitali walipomvua Nicodemo kiatu, watu wote waliona mguu. Hakuna aliyecheka.

Trekta bado lipo kwa Marko. Sijalisogelea. Watu wanasema nimewaokoa. Nikipita wanasimama kunisalimia, nami nataka kujificha.

Violeth

———

Nangwa
26 Januari 2025

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha Judica akanisomea nikiwa nimekaa.

Sikukuambia kwa nini siji. Naamini Judica alikuambia, maana hajui kuficha uso. Basi ni hivyo alivyosema. Niliogopa barabara, nikakuacha wewe na mteremko. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nakuja. Leo mlima una wingu na nimeshakata tiketi, nimemwachia Judica begi alipeleke yeye stendi ili nisirudi nalo nyumbani. Mafuta sahihi nimeyapata, yamefungwa na lakiri yake, na sahani mpya za breki na sili za nyuma, zile za kuzuia mafuta yasivuje. Tutamwaga uchafu wote, tutafungua, tutasafisha, tutabadilisha chujio, tutaangalia gia ile iliyoruka. Itachukua muda. Mpira wa mti wa gia tutauziba, na trekta litalala ndani, hata kama itabidi mimi nilale nje.

Mtu asiwashe injini kabla sijafika. Mwambie Nicodemo sitamgombeza. Mwambie pia kwamba nitakagua ule mguu.

Agustino

———

Masieda
23 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo mama Judica. Asante kwa unga wa ngano aliotutumia, watoto wameomba chapati mpaka umekwisha. Kikohozi cha Alex kimeondoka. Nicodemo anatembea na fimbo, na anapomwona mtu mbali hafichi tena ule mguu. Bega langu limeshika, linauma kukiwa na baridi.

Umeacha jina zuri huku. Wenye matrekta wengine wanapita kumuuliza Nicodemo mafuta gani aliweka nyuma na gani mbele, naye anawaambia kila kitu, hata kosa lake. Nilimsikia akimwambia mtu, "Niliua breki zangu kwa mikono yangu, nikamkabidhi mke wangu usukani." Alisema hivyo mchana, mbele ya wanaume wenzake. Baadaye hatukuongea kuhusu maneno hayo, lakini alinichotea maji ya kuoga.

Jembe sasa linanyanyuka asubuhi bila kulia. Nikichomoa kijiti mafuta yana rangi ya asali nyepesi. Nayatazama kila siku kabla sijawasha, hata nikijua hakuna kilichobadilika.

Uliponiaga uliniambia nikupe habari nikishashuka mteremko. Nimeshuka jana. Sikubeba mtu, tela la kuazima likiwa tupu, Nicodemo amekaa pembeni. Kwenye ukingo nilisimama mpaka akauliza kama tunarudi. Nikasema hapana. Nikashuka na gia ndogo, nikakanyaga breki kwenye kila kona, hata pasipohitajika. Hazikunguruma wala hazikuchelewa. Pale kwa Marko mahindi yameota mpaka magotini, hata kwenye shimo tulilochimba, nikashindwa kuangalia upande ule.

Chini kabisa, kwenye tambarare karibu na mnada, nikasimamisha trekta. Lilisimama vizuri kabisa, Mjomba. Kuku wanapita mbele yetu, watu wanatusalimia. Nikazima injini.

Nicodemo akasema, "Violeth, limesimama. Toa mguu."

Nikamwambia, "Bado."

Hakuniharakisha. Tulikaa pale juani, mguu wangu umekanyaga breki ya trekta lililozimwa, mpaka ukaanza kutetemeka wenyewe.

Mtoto wako,
Violeth